Farasi Hasimamishwi kwa Kuvutwa

Kila ninapompokea mwanafunzi mpya hapa Nairobi, hasa aliyenunua farasi aliyestaafu mashindano ya Ngong, hazipiti siku tatu kabla sijaambiwa, "Mwalimu, huyu ana mdomo mgumu, nitafutie lijamu kali zaidi." Lijamu, yaani chuma cha kinywani kinachofungwa kwenye hatamu, hukaa kwenye pengo lisilo na meno, mbele ya magego, ambapo mfupa wa taya umefunikwa na ufizi mwembamba tu. Hapo pana maumivu ya upesi mno, na farasi anayeonekana hasikii ni yule aliyekwisha kujifunza kwamba kutii hakumpi nafuu yoyote.

Dhana inayonichosha kuliko zote ni kwamba hatamu ni breki. Mpanda huvuta, farasi hupunguza mwendo, naye huendelea kuvuta ili awe na hakika. Hapo ndipo somo linapoharibika, kwa kuwa kinachomfundisha farasi kusimama ni kule kuachiliwa anapojibu. Uzito ukibaki kinywani hata baada ya kutii, ataanza kuuegemea, na mnyama wa kilo 500 hashindwi kuvutana na mtu. Aliyetoka mashindanoni ana sababu ya ziada, kwani huko alizoea kupiga shoti huku hatamu zimekazwa, na mkazo kwake ni ishara ya kukimbia. Anayemvuta humwagiza aongeze mbio, kisha humwadhibu kwa kutii.

Mimi huanza na mwendo wa kutembea tu. Mpanda hutoa pumzi, hutulia kwenye tandiko, kisha hufumba vidole juu ya hatamu kana kwamba anakamua kitambaa kilicholowa maji, bila kurudisha viwiko nyuma. Asipojibiwa, huongeza mkazo kidogo kidogo. Mara farasi anapopunguza hata nusu hatua, vidole hufunguka papo hapo, kabla sekunde moja haijapita. Nawasihi wanafunzi wangu walitazame sikio la farasi, kwa maana mara nyingi hugeuka kumwelekea mpanda kabla miguu haijapunguza, na mwenye kuliona huwa tayari kuachia kwa wakati. Nusu hatua hiyo ikirudiwa kwa subira huwa hatua nzima, kisha kusimama kamili, na baada ya siku chache pumzi peke yake huanza kutosha.

Lijamu kali haifundishi lolote. Farasi hurusha kichwa juu kuyakimbia maumivu, na breki uliyoitafuta hupotea kabisa. Wengine hudhani wepesi wa mkono ni kuziacha hatamu zining'inie, lakini mkono usiogusa kabisa kisha ukakurupuka humshtua farasi kuliko ule unaogusa kwa utulivu wakati wote.

Na farasi aliyekuwa msikivu akianza ghafla kupinga lijamu, mwite daktari wa mifugo kabla ya kumwita mkaidi. Magego ya farasi huota ncha zinazochana mashavu, nazo zinapaswa kukaguliwa walau mara moja kwa mwaka.