Mlima nao ni kisiwa: matembezi ya siku moja Udzungwa na mwongozaji

Kila nikienda kwenye shehia kuzungumza mambo ya misitu kuna suali moja halikosekani, na safari hii aliniuliza bi mkubwa mmoja pale Kitogani, akanambia "Sasa mwanangu, sisi watu wa kisiwani hiyo milima ya bara inatuhusu nini?" Watu wakacheka kidogo lakini mie sikucheka, mana ndo suali lenyewe hilo. Tunawachukua vijana wetu wanaojifunza kuongoza wageni kwenye msitu wa Jozani hapa Unguja, tunawapandisha boti mpaka Dar, tunawapeleka Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa watembee siku moja tu na wenzao wa kule, alaf tunarudi, na mzazi ana haki ya kuuliza mtoto wangu kaenda kutafuta nini.

Jibu langu nlilompa bi mkubwa ni hili: bibi, mlima nao ni kisiwa.

Hebu nielezee. Milima ya Udzungwa ni mikongwe sana, imo kwenye ule mnyororo wa Milima ya Tao la Mashariki unaoanzia Taita kule Kenya ukapita Pare, Usambara, Uluguru mpaka hapo Udzungwa. Upepo wa bahari ya Hindi, huu huu wa kwetu unaosukuma majahazi, ukishatupita sisi unakwenda bara umebeba unyevu, unakutana na mlima umesimama mbele yake, hauna pa kupita ila upande juu, na ukipanda unapoa, ukipoa unamwaga maji. Ndo mana upande wa mashariki wa milima hii unapata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka wakati nyuma yake nchi ni kavu. Bahari haijakauka miaka na miaka, kwa hivyo msitu wa pale umekuwa na mvua yake hata nyakati ambazo sehemu nyengine za Afrika zilikauka zikawa nyika. Viumbe waliobakia mule juu wakazungukwa na joto na nyika chini kila upande, kama sie tulivyozungukwa na maji. Hawana pa kwenda. Wakazaana wao kwa wao mpaka wakawa aina zao wenyewe, hawapo pengine popote duniani.

Na sisi vivyo hivyo. Mkondo wa bahari baina ya Unguja na bara ni mfupi wa kina, zamani kulipokuwa na baridi kubwa duniani na bahari imeshuka watu na wanyama wangeweza kuvuka kwa miguu, alaf bahari ikapanda Unguja ikakatika, na kima punju, yule kima mwekundu wa kwetu, akabaki huku. Pemba hadithi yake nyengine, mkondo wake ni wa kina kirefu mno na imekaa peke yake muda mrefu zaidi, ndo mana Pemba ina popo wake mkubwa na bundi wake na ninga wake ambao Unguja hawapo. Punju waliopo msitu wa Ngezi kule Pemba, kwa asiejua, walipelekwa na watu, walihamishwa kutoka Unguja miaka ya 1970.

Sasa safari yenyewe. Ukishuka boti unashika njia ya Morogoro, siku hizi kuna na treni ya SGR mpaka Morogoro, alaf Mikumi, pale barabara kuu inapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi na matuta yake na bao limeandikwa faini ya kila mnyama ukimgonga. Nlisimamisha vijana wakasoma lile bao, kwa sababu wote wanaijua ile barabara ya kwetu inayokata Jozani na wanajua punju wangapi walikuwa wakifa pale kabla hayajawekwa matuta. Kutoka Mikumi unakata kusini, unapita Kidatu, unafika Mang'ula, makao makuu ya hifadhi. Tukalala. Usijaribu kutoka Dar asubuhi ukataka upande siku hiyo hiyo, utachoka bure na utapelekwa mbio.

Hifadhi hii ilianzishwa 1992, ukubwa wake kilomita za mraba 1,990, wakati Jozani yetu pamoja na ghuba ya Chwaka, ambayo ilipandishwa kuwa hifadhi ya taifa 2004, ni 50 tu. Na hapa hakuna kuzunguka na gari. Hakuna barabara ndani ya msitu, kila kitu miguu, na hupandi bila ya mwongozaji. Watu wengine wanaona hili la mwongozaji ni kutaka kuliwa pesa. Sio. Mule kuna tembo, kuna nyati, kuna chui, na msitu ni mzito kiasi kwamba nyati anaweza kuwa hatua kumi na wewe humuoni, mwongozaji anamjua kwa harufu, kwa kinyesi kama kibichi au kikavu, kwa ndege walivyonyamaza. Akikwambia simama, simama, sio umuulize kwanza kwa nini.

Sisi tulichukua njia ya Sanje, inayoanzia kijiji cha Sanje kaskazini kidogo ya Mang'ula, ni mwendo wa saa nne hivi kupanda na kushuka, na mtu wa kawaida mwenye afya anaiweza kama hana haraka. Mwanzo wake ni joto, tena joto la kututoa jasho sisi tuliozoea joto, kwa sababu chini pale ni kama mita 250 tu kutoka usawa wa bahari. Kilele cha juu cha Udzungwa, Luhombero, kinafika mita 2,576, na msitu unaendelea kutoka huku chini mpaka kule juu bila kukatika, jambo ambalo Afrika Mashariki ni adimu khasa. Kila ukipanda mita 1,000 baridi inaongezeka kama nyuzi 6, basi mti ulioupenda chini ukifika juu huupati tena, kuna mwengine. Siku moja huwezi kuyaona yote hayo, lakini kijana akishaelewa kwamba mlima umepangwa hivyo, tabaka juu ya tabaka, ameshapata kitu cha kumueleza mgeni.

Maporomoko ya Sanje yanashuka mita 170 kwa mafungu matatu. Kwa sisi Waunguja nifananishe hivi, kilima cha juu kabisa tulichonacho Unguja nzima hakifiki mita 150, yani maji yale peke yake yanaanguka kutoka juu zaidi ya kisiwa chetu kizima. Unasikia kishindo kabla hujaona, alaf unasikia unyevu usoni, alaf miti inafunguka unaona bonde la Kilombero lote liko chini yako, kijani cha miwa na mpunga mpaka macho yanachoka. Kijana mmoja wa Charawe alikaa kitako hakusema kitu robo saa nzima.

Pale kuna vidimbwi watu wanaogelea. Ogeleeni, lakini sabuni hapana. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu wenzetu wanapenda kuoga kikwelikweli, na wengine wanataka kutia udhu kwa ajili ya adhuhuri. Udhu tia, maji ni mengi alhamdulillah, ila povu lisiingie. Vyura wanavuta pumzi kwa ngozi, dawa kidogo tu inawadhuru, na maji hayo hayo chini kuna kijiji kinayateka. Na la sala muambie mwongozaji asubuhi kabla hamjaondoka, apange mapumziko pahala penye uwazi, sisi tuliambiwa hakuna tabu na tulisali jamaa juu ya mawe.

Sasa wanyama, na hapa nitarefusha kidogo maana ndo kazi yangu.

Udzungwa kuna ndugu wa punju wetu, kima mwekundu wa Udzungwa, ana kofia nyekundu kichwani, wa kwetu ana wekundu mgongoni na manyoya meupe ya paji la uso. Wote hawana kidole gumba cha maana. Wote wanakula majani machanga na matunda mabichi, na tumbo lao lina vyumba vyumba, majani yanachachuliwa mule na vijidudu kama kwa ng'ombe. Ndo mana nasema kila siku usimpe punju ndizi mbivu. Sukari ile inachachuka haraka, tumbo linajaa asidi, mnyama anaumwa na anaweza kufa, na wewe umeshaondoka na picha yako umefurahi. Punju wa kwetu wanatafuna na makaa, watu wanawaona wanayaokota, sababu majani ya mkungu na mwembe yana sumu kidogo na makaa yanaifyonza. Zamani wazee walimwita punju yani sumu, wakiamini ana nuksi, mbwa akimla ananyonyoka manyoya. Leo anakuja mtu kutoka Ulaya kumuangalia yeye, na sehemu ya kiingilio inarudi vijijini.

Kuna na mangabei wa Sanje, kima wa aina nyengine. Huyu wanasayansi wamemjua 1979 tu, ijapokuwa wenyeji walikuwa wanamjua na sauti yake inasikika mbali sana, na hayupo pengine ila milima hii. Anapenda kutembea chini anafukua majani makavu akitafuta mbegu, kwa hivyo ukiwa kundi la watu wanaopiga kelele hutomuona, atakuwa ameshakwenda zake. Tulimuona kwa sababu mwongozaji alitunyamazisha kama dakika ishirini na kwa mara ya kwanza vijana wangu wakaelewa kwa nini namimi huwa nawanyamazisha.

Na umbali. Usimkaribie kima, na ukiwa na mafua au kikohozi mwambie mwongozaji kabla, usione haya. Kima na binadamu tunaambukizana, mafua yako ya siku tatu kwake yanaweza kuwa msiba wa kundi zima, na kundi likifa kwenye kisiwa hakuna jengine la kuja kujaza. Kwenye bara pana mnyama akipungua hapa wengine wanahamia kutoka kule. Kwenye kisiwa, kiwe cha bahari kiwe cha mlima, hakuna "kule".

Nliwapa mfano wa chura wa Kihansi. Huyu hayumo ndani ya hifadhi, yuko kwenye korongo la mto Kihansi upande mwengine wa milima hii hii, chura mdogo wa manjano hafiki urefu wa kidole, anazaa watoto hai hatagi mayai. Alikuwa anaishi kwenye rasharasha za maporomoko, eneo la hekta chache tu, dunia nzima hapo tu. Likajengwa bwawa la umeme, maji mengi yakageuzwa njia mwaka 2000, rasharasha zikakauka, na ugonjwa wa ukungu ukaingia, na mwaka 2009 akatangazwa ametoweka porini. Bahati wengine walikuwa wameshachukuliwa kupelekwa kwenye bustani za wanyama Marekani wakazaliana kule, na kuanzia 2012 wakaanza kurudishwa Kihansi, ambako kumetiwa mabomba ya kunyunyiza maji badala ya yale ya asili.

Bi mkubwa wa Kitogani nlipomfikisha hapa akasema "kwa hivyo umeme mbaya?" Hapana bibi. Kihansi inatoa megawati 180, Kidatu pale tulipopita 204, ingawa maji ya Kidatu yanatoka mbali na mengi siyo ya Udzungwa. Umeme huo unaingia gridi ya taifa, na sisi Unguja tumeungwa na gridi kwa waya wa chini ya bahari toka 1980, Pemba toka 2010 kupitia Tanga. Ile taa uliyowasha usiku kuamkia daku, sehemu yake ni mvua iliyoshikwa na msitu wa mlimani ikaachiwa kidogo kidogo mtoni. Msitu ukikatwa, mvua ikinyesha maji yote yanakuja siku moja na udongo, alaf kiangazi mto mkavu. Bi mkubwa akanyamaza, akasema basi mpeleke na mjukuu wangu.

Mjukuu wake na wengine tunatarajia kuwapeleka masika yakishapita, kuanzia Juni hivi, kwa sababu wakati wa mvua njia ya Sanje inateleza vibaya sana na hatutaki mtu avunjike. Vitu vya kubeba: raba zenye meno au buti, sio makubazi wala kandambili, hata kama ni mpya. Suruali au nguo ndefu, na soksi uzivute juu ya suruali, siafu hawachagui. Dada zetu juba refu linakamata miiba na linakuangusha kwenye kushuka, vaa suruali pana na kanzu fupi ya kufika magotini, mtandio ufunge nyuma. Maji lita mbili kila mtu, chakula kikavu, boflo na mayai au mkate wa ufuta unafaa, makombo yote mnarudi nayo mpaka ganda la yai. Koti la mvua hata kama jua linawaka. Kitambulisho usisahau, raia kiingilio chake ni tofauti na mgeni wa nje na bila kitambulisho huwezi kuthibitisha kitu, na malipo ni kwa kontroo namba au kadi, sio pesa mkononi. Mwenye pumu aje na dawa yake na aniambie mie, sio rafiki yake. Wa Pemba mje Unguja siku moja kabla, tulale, tupande boti ya asubuhi pamoja.