Tumbawe si jiwe

Pwani yetu imejengwa kwa matumbawe. Kuta za Lamu na Mji Mkongwe ni matumbawe, na chokaa iliyozishikanisha ni matumbawe yaliyochomwa. Si ajabu basi wengi tumekua tukiamini kwamba tumbawe ni jiwe tu, na jiwe halisikii joto.

Jiwe hilo ni nyumba. Mwenye nyumba ni mnyama mdogo, laini, jamaa wa yavuyavu. Mwilini mwake huishi mwani usioonekana kwa macho, ambao humtengenezea chakula kwa mwanga wa jua na kumpa rangi. Maji yakipita joto la kawaida la kiangazi kwa nyuzi 1 hivi, yakadumu hivyo kwa majuma kadhaa, mnyama humfukuza mpangaji huyo, naye hubaki mweupe pe.

Hapo huzuka kosa la pili: kudhani kuwa mweupe ni mfu. Bado yu hai, ila ana njaa. Maji yakipoa mapema, mwani hurudi. Yasipopoa, mnyama hufa, kama mwaka 1998, wakati wa El Niño (hali ya hewa iliyopasha bahari joto), matumbawe mengi yalipokufa kuanzia Kenya hadi Mafia. Joto la namna hiyo lilirudi 2016, kisha 2024.

Mvuvi huyaona madhara baadaye, na pengine humlaumu jirani yake (baruti na nyavu za kukokota nazo zina makosa yake, tusizisafishe). Tumbawe lililokufa humomonyoka polepole, changu na chewa wakakosa maficho, na mawimbi yaliyokuwa yakivunjikia mwambani yakaufikia ufuko na nguvu zake.