Kamera “isiyoingia maji”: wanayoamini watu na hali ilivyo

Dhana ya kwanza ndiyo inayowagharimu watu zaidi: kwamba kamera yoyote iliyozibwa dhidi ya mvua inaweza kuzamishwa. La hasha. Kuna zilizoundwa kuzama kweli, kama Olympus TG-6 ya mwaka 2019, inayohimili kina cha mita 15 na kuanguka kutoka mita 2.1. Nyingine zimezibwa zisiingize manyunyu na vumbi, basi. Hizo ukizitumbukiza ziwani pale Dunga, Kisumu, usitarajie muujiza. Tena bodi (kamera yenyewe bila lenzi) iliyozibwa ikifungwa lenzi isiyozibwa, maji hupenyea hapo zinapoungana.

Soma alama ya IP, ile inayoonyesha kiwango cha kinga. Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi, ya pili ni ya maji. IPX7 maana yake ilipimwa kwa kina cha mita 1, dakika 30, kwenye maji yaliyotulia. Hiyo X inakwambia tu kwamba kiwango cha vumbi hakikutajwa. Kwa anayepanda Menengai kwa bodaboda wakati wa kiangazi, hiyo X si jambo dogo.

Halafu kuna wanaodhani kinga hiyo ni ya maisha. Kinachozuia maji ni kijimpira chembamba kwenye kifuniko cha betri. Unywele mmoja au chembe ya mchanga ikikaa juu yake, maji yana njia. Kabla ya kupanda mtumbwi, fungua kifuniko, kipitishie macho mahali penye mwanga, kisha pangusa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Mpira wenyewe huchakaa hata kamera ikikaa kabatini. Na kamera ikishaanguka, hakuna wa kukuhakikishia kwamba bado haiingizi maji, kwa hiyo ya mtumba ichukulie kama haina kinga, hata muuzaji aape vipi.

“Ngumu ndiyo bora kwa safari.” Inategemea unapiga nini. Lenzi ya TG-6 inavuta hadi kiwango cha milimita 100 tu (milimita zikiwa nyingi, cha mbali huonekana kikubwa), kwa hiyo flamingo wa Ziwa Nakuru watatoka kama madoa ya waridi. Kwa ndege, afadhali bodi iliyozibwa na lenzi ya milimita 300 au zaidi. Ziwa hilo lina magadi: yakirukia kamera, ipanguse mapema kwa kitambaa kilicholoweshwa maji safi na kukamuliwa.

Megapikseli nyingi, yaani mamilioni ya nukta zinazounda picha, ndizo muhimu? TG-6 ina 12 tu, na zinatosha kuchapisha picha ya ukutani.

Kwa anayekwenda msitu wa Kakamega, adui ni unyevu. Wengi hurudi na kamera mbichi, wakaifungia kwenye begi lisilopitisha hewa wakiamini wameilinda. Huko ndani kuvu huota kwenye vioo vya lenzi, na kuiondoa ni kazi ya fundi, wakati mwingine kwa bei isiyo na tofauti kubwa na ya lenzi nyingine. Iache ikauke kwanza, ndipo uifungie pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu vipya.