Kitunguu kando ya shu: kinafukuza wadudu wote?

Katika bustani nyingi za nyumbani hapa Bukavu, watu husema kwamba ukipanda kitunguu katikati ya shu (kabichi), harufu yake inafukuza wadudu, na hauhitaji kufanya kingine.

Kuna ukweli hapo. Nondo hutafuta shu kwa harufu na kwa macho. Mimea ikichanganywa, baadhi yao wanaweza kutua pasipofaa na kutaga mayai machache. Lakini wengine hufika tu, na viwavi wakishaanguliwa hula jani bila kujali kitunguu kilicho jirani. Vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa majani, vivyo hivyo. Hao vidukari huliwa na vile vijidudu vyekundu vyenye madoa meusi, pamoja na mabuu yao. Tafadhali msiyaue mabuu hayo, hata kama sura yake inatisha.

Ukitaka kuhakikisha, panda matuta mawili siku moja, kwa mbolea ileile: moja na kitunguu, lingine bila. Kila juma geuza majani ya shu 10 katika kila tuta, uhesabu viwavi. Mvua kubwa nayo huwaangusha, kwa hiyo rudia hesabu wakati wa kiangazi. Na viwavi unaowakuta, waokote kwa mkono palepale.