Mpunga wa maji kidogo: yanayosemwa Igunga na yaliyo kweli

"Mpunga ni mmea wa maji, jaluba (kipande cha shamba la mpunga chenye kingo) likikauka, umekwisha."
Mpunga huvumilia maji kwa sababu shina lake lina vinjia vya kupeleka hewa mizizini, lakini hauhitaji maji yasimame msimu mzima. Wenye maji ya mfereji, kama skimu ya umwagiliaji ya Mwamapuli wilayani Igunga, mkoani Tabora, wapime badala ya kukisia. Chukua bomba la plastiki la inchi 4 lenye urefu wa sm 30, toboa nusu ya chini pande zote, lizike sm 15, kisha ondoa udongo uliobaki ndani. Wiki mbili baada ya kupandikiza, acha maji yashuke. Yakionekana ndani ya bomba yamefika sm 15 chini ya uso wa udongo, fungulia maji mpaka yasimame sm 5 juu ya udongo.

Mbuga nyeusi, yaani udongo mzito wa mfinyanzi unaopasuka ukikauka, zina sharti lake. Usingoje kipimo hicho ukiona nyufa nyembamba zinaanza, fungulia hapo hapo. Ufa ukishapanuka, maji hupotelea chini na akiba yote imekwenda bure.

"Basi ukaushe wakati wowote."
Hapana! Kuanzia wiki moja kabla ya kuchanua hadi wiki moja baada yake, maji yasikosekane, la sivyo utavuna mapepe, yaani punje tupu zisizo na mchele. Urea nayo itie udongo ukiwa na unyevu, kisha fungulia maji siku hiyo hiyo.

"Miche mingi shimoni ndiyo mavuno mengi."
Miche minne ikibanana hugombea chakula na machipukizi hupungua. Katika kilimo shadidi, yaani njia ya miche michache kwa nafasi pana na maji kidogo, hupandwa mche mmoja wa siku 8 hadi 12, kwa nafasi ya sm 25 kwa 25. Kilo 3 za mbegu zatosha ekari. Ila sawazisha jaluba kwanza, maana miche midogo hivyo huzama penye bonde.

"Maji yakipungua, magugu huzidi."
Hili ni kweli tupu. Anza palizi siku ya 10 kwa mashine ya kusukuma, rudia kila baada ya siku 10 mpaka majani yafunike udongo.

"Hata wa mvua tupu aachie maji."
Asithubutu. Asiye na bwawa hana pa kupata maji mengine. Huyo aimarishe kingo, azibe matobo ya panya, na kila tone libaki jalubani.