Je, wajua kwa nini lakabu ya safu, yaani jina jipya unaloipa kwa neno AS, hupotea kwenye matokeo ya SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata?

Mwenzangu katika ofisi yetu ya kutoa mizigo bandari ya Kilindini alinigeuzia skrini yake asubuhi. Alikuwa ameandika hivi:

SELECT jina_mteja AS mteja, SUM(ada) AS jumla FROM makontena GROUP BY jina_mteja;

Hesabu zilitoka sawasawa, shida ilikuwa vichwa. Safu ya pili ilisema "jumla" kama alivyotaka. Ya kwanza iling'ang'ania "jina_mteja". AS ni ile ile, amri ni moja, moja ikasikizwa na nyingine ikapuuzwa. Alishaifuta na kuiandika upya mara tatu, na haikuwa na kosa hata herufi.

Kisiwa chetu ni Mombasa kwenye ramani na Mvita kwenye mashairi. Jibu utakalopata lategemea umemuuliza nani. Safu nayo ndivyo ilivyo. MySQL, hifadhidata yenyewe, hurudisha majina yote mawili, la asili na la lakabu. Programu ya kompyuta iliyoandikwa kwa Java huyafikia kupitia kiendeshi cha JDBC, kiungo cha Java na hifadhidata, na huko kuna maswali mawili: getColumnName huuliza jina la asili, getColumnLabel huuliza lakabu. Zamani, hadi toleo la 5.0, kiendeshi cha MySQL kiitwacho Connector/J kilijibu yote mawili kwa lakabu. Kuanzia 5.1 kikayatenganisha, na programu zilizozoea kuuliza lile la kwanza zikaachwa na jina la jedwalini.

Mbona "jumla" ikasalimika? Kwa sababu SUM(ada) ni hesabu, haina jina jedwalini, kwa hiyo kiendeshi hakina la kutoa ila lakabu. Dalili hii naithamini sana: ukiona hesabu zina lakabu na safu za kawaida hazina, iache SQL yako ilivyo.

Fungua mipangilio ya muunganisho, na mwishoni mwa anwani ya jdbc:mysql ongeza ?useOldAliasMetadataBehavior=true. Kama anwani tayari ina alama ya kuuliza, anza na & badala yake. Kisha kata muunganisho na uunganishe upya, maana mpangilio huu husomwa wakati wa kuunganisha tu. Wengi hukwama hapa. Ikiwa huruhusiwi kugusa mipangilio, andika CONCAT(jina_mteja, '') AS mteja, safu igeuke hesabu. Bora zaidi ni kupata toleo jipya la programu linalouliza getColumnLabel.

Mwenzangu aliunganisha upya, kichwa kikasoma "mteja", na orodha ikamfikia mhasibu kabla ya adhuhuri.