Kiendelezi cha kuzuia tovuti: kuona, kuhifadhi na kupeleka nje

Kiendelezi ni programu ndogo inayopachikwa kwenye kivinjari kama Chrome au Firefox ili kukiongezea kazi. Cha kuzuia tovuti unakipa orodha ya tovuti zinazokula muda wako, nacho kinakufungia mlango kila ukizijongelea.

Mpwa wangu anajiandaa kwa mitihani hapa Ngamiani, Tanga. Alipotaka kukiweka, kompyuta ilimwarifu kwamba kitaweza kusoma na kubadilisha data zake kwenye tovuti zote. Akaja na laptopu mkononi: "Shikamoo mjomba. Hiki si kitaona hadi nenosiri langu?"

Nilimjibu ukweli: kwa ruhusa hiyo, kinaweza. Bawabu hawezi kumzuia mtu mmoja bila kuwatazama wote wafikao mlangoni, na kiendelezi cha aina hii hulinganisha kila anwani unayofungua na orodha yako. Ila bawabu kukuona ni jambo moja, kukuandika daftarini ni jingine, na kulipeleka daftari kwa watu wa nje ni la tatu. Faragha yako inategemea hayo mawili ya mwisho. Siku hizi kiendelezi cha Chrome kinaweza pia kukikabidhi kivinjari kanuni za kuzuia, kivinjari kikafanya kazi hiyo chenyewe, bila kiendelezi kusoma kurasa zako.

Orodha yenyewe watu huidharau, nami naiona ndiyo nyeti kuliko vyote. Aliyezuia tovuti za kubeti ameshasema kinachomsumbua. Ongeza saa alizojaribu kuingia, na mara ngapi usiku, unapata siri ambayo hajamwambia hata mkewe. Ikikaa kwenye kompyuta tu, ukikiondoa kiendelezi nayo hufutika. Ikipitia akaunti ya kivinjari, itaonekana kwenye vifaa vyako vingine. Ikienda kwenye seva ya mtengenezaji, kukiondoa kiendelezi hakuifuti huko. Itabidi uombe ifutwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 inataka taarifa zikusanywe kwa lengo mahsusi na zisizidi lengo hilo. Kwa hiyo kiendelezi kinachodai barua pepe na namba ya simu ili kufunga tovuti tano tu, mimi nakikataa.

Jingine ni mwenye mali kubadilika. Kiendelezi huweza kuuzwa, na masasisho huingia yenyewe. The Great Suspender, kilichokuwa kikisimamisha kurasa zisizotumika, kilipata mwenye mpya, na mwaka 2021 Google ikakiondoa kwa kuwa na programu hasidi.

Tulisoma sera za faragha za viendelezi vitatu, mpwa akachagua kisichotaka akaunti na kinachoweka orodha ndani ya kompyuta. Akazima kutuma ripoti za matumizi, kisha akaanza kuandika tovuti zake. Mimi nikageuka upande wa pili.